Wifi ao SIM? Masta, Kwanza Tuongee Mbongo

Masta, sikia. Pita Boulevard de la Libération ya Bunia jua likianza kupoa, utaona watu na tableti kwapani. Si ndani ya sac. Kwapani. Kava wazi, skrini nje, mtaa uone. Simu haileti tena heshima, mpaka mama wa makala iko nayo mbili. Lakini tableti bado inaongea. Iweke juu ya meza ya terrasse, mbogi inanyamaza kidogo, kisha mmoja anatupa lile swali: "Hiyo ni ya SIM ao ya wifi?"

Hapo ndio utajua nani iko na mayele na nani alinunua kava tu.

Swali lenyewe lilizaliwa mbali na sisi. 2010, Apple wakaleta iPad ya kwanza. Ya wifi ikaanza kwa dola 499. Ya 3G ikaanza kwa dola 629. Dola 130 nzima juu ya kitundu cha SIM, antena na GPS. Msee wa California akakuna kichwa: home niko na wifi, kazini niko na wifi, kwenye kahawa niko na wifi, SIM ya nini? Kwake hesabu ilikuwa rahisi.

Sasa leta hiyo hesabu Mudzipela. Leta Nyakasanza. Leta Bankoko. Wifi ya home iko wapi? Ukisikia mtoto anajisifu "kwetu tuko na wifi," ingia ndani uangalie. Ni simu ya dada yake, imewekwa dirishani, hotspoti imewashwa, na dada mwenyewe hajui.

Hapa Bunia wifi ni mtu. Iko na jina, iko na mega zake, iko na bateri ya asilimia 19, na inakasirika. Kwa hiyo ukichagua tableti, unachagua vitu viwili: nani atalipa mega, na bateri ya nani itakufa kwanza. Muuzaji atakuimbia megapixel na rangi ya kava. Muache aimbe. Sisi tunahesabu.

Vieux na mbuzi zake

Kabla hatujaenda mbali, tumalizane na les vieux. Unajua watasema nini. "We mutoto, na hizo makuta ungenunuaka mbuzi mbili." Kila kitu kwa Vieux kinapimwa na mbuzi. Simu ni mbuzi moja. Tableti ni mbuzi mbili. Tableti ya SIM ni mbuzi tatu na kuku. Halafu huyohuyo Vieux, jioni mechi ya Léopards ikikaribia, anakuja pole pole nyuma ya kiti chako: "Weka basi ile match."

Yaya mkubwa naye iko na yake: "SIM inaharibuka damu." Masta, damu gani? Tusonge.

SIM: utamu wake

SIM ndani ya tableti ni uhuru. Unafungua kava, koneksio iko. Huombi mtu. Husubiri petit arudi na simu. Uko kwenye moto unaenda Kasenyi kuona ziwa, mtandao ukikamata, na wewe umekamata. Hiyo ni boss.

Utamu wa pili watu wengi hawaujui. iPad ya wifi haina GPS ndani. Ya SIM iko nayo. Kama kazi yako ni ramani, shamba, njia, carrière, hiyo tofauti ni kubwa. Lakini shika hapa: Samsung Galaxy Tab nyingi, hata za wifi tu, ziko na GPS tayari. Unadownload ramani ya Ituri kwenye Organic Maps ukiwa town, unatoka nayo bila mega hata moja, inakuonyesha uko wapi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "bila SIM hakuna GPS," muulize anaongelea mashine gani. Utaona anageuka kutafuta chenji.

Utamu wa tatu ni bateri. Galaxy Tab A9+ iko na mAh 7040. Simu yako iko na 5000 ikiwa na bahati, na bateri imechoka, na screen imepasuka. Tableti ya SIM inaweza kuwa ndio hotspoti, simu inakula kwake. Mashine kubwa inabeba ndogo. Hapo SIM inaanza kueleweka.

SIM: mitego yake

Sasa fungua masikio, juu hapa ndipo watu wanaliaka.

Mtego wa kwanza: iPad haipigi simu kwa SIM yake. Iwekee SIM, iwekee mega, iombee, hiyo SIM haitapiga namba. Sasa *1122# ya M-Pesa utaipiga wapi? Kode ya forfe utaipiga wapi? Unatoa SIM, unaiweka kwenye simu, unanunua mega, unaitoa, unairudisha. Ile pini ndogo ya kufungua tray ulishapoteza tangu siku ya kwanza, kwa hiyo unaomba hereni ya demu. Kila forfe ikiisha, hereni. Watu wataanza kuongea.

Samsung nyingi za SIM zinapiga kabisa, kode zinapita, SMS zinaingia. Lakini hapo kuko aibu ingine. Usiweke inchi kumi na moja kwenye sikio lako, masta. Usifanye hivyo mbele ya watu. Nunua ekuta.

Mtego wa pili: eSIM, ile puce isiyoshikika mkononi, iko ndani ya mashine. iPad Pro na iPad Air za 2024 hazina tena kitundu cha SIM. Mjomba iko Canada anakutumia mali safi ya "cellular", unafungua kartoni, unazungusha kona zote nne, hakuna mahali pa kuingiza puce yako. Kabla hajalipa, nenda agence ya mtandao wako, uliza kama wanaweza kukuwekea eSIM kwenye tableti. Wakisema hapana, mjomba atume ya wifi na ile tofauti aitume cash.

Mtego wa tatu: mashine iliyofungwa. Kule Marekani AT&T na Verizon wanauza tableti kwa mkopo wa mwezi kwa mwezi, na zingine zinafungwa zikubali SIM yao tu. Zikifika kwetu kama "occasion", bei nzuri, kioo safi. Unaweka Airtel, kimya. Unaweka Orange, kimya. Umenunua tableti ya wifi kwa bei ya SIM.

Mtego wa nne ni wa kishenzi zaidi. Samsung za wifi ziko na tray pembeni. Inafunguka kitoko kabisa. Muuzaji anaifungua mbele ya macho yako: "Ona, SIM inaingia hapa." Ile ni ya microSD. Kadi ya picha. SIM yako italala humo mpaka kiama.

Hotspoti: sheria za mtaa

Haya, tuseme umechukua ya wifi. Karibu kwenye maisha ya hotspoti. Kuko sheria.

Sheria ya kwanza: usiombe hotspoti ya demu siku ya kwanza. Aibu hiyo haitoki. Ulikuja na tableti ya mbuzi mbili, halafu unauliza password.

Sheria ya pili: angalia majina ya hotspoti kabla ya kuomba. Mtu aliyeita yake "Nunua Yako" ameshakujibu.

Sheria ya tatu, na hii ndio inavunja urafiki: funga mdomo wa tableti kabla ya kuunganisha. Tableti ikikamata wifi, inafikiri iko California. Haijui kwamba ile ni simu ya leki yako yenye forfe ya siku moja. Inaona wifi, inasema "ya bure", inaanza: update ya system, update za programu zote, picha zote zipande Google, WhatsApp ishushe video zote za grupu ya famille, mpaka ile ya mchungaji wa dakika tisa. Wewe ulitaka kutuma PDF moja. Forfe imekufa. Leki anakuangalia tu.

Dawa iko, na ni ya bure. Kwenye Android, ingia kwenye wifi, gusa jina la ile hotspoti, chagua ihesabiwe kama mtandao wa kulipia. Kwa Kifaransa utaona "facturé à l'usage" ao neno la karibu na hilo. Kwenye iPad, gusa ile alama ya habari pembeni ya jina la wifi, washa "Mode données réduites". Kwenye WhatsApp, ondoa kushusha video yenyewe hata kwenye wifi. Kazi ya dakika mbili. Asiyeifanya hastahili hotspoti ya mtu.

Na ukitaka kujua kwa nini ninapiga kelele hivi, Netflix wenyewe wanasema: saa moja ya picha ya kawaida inaweza kula mpaka giga 1, ya HD mpaka giga 3. Filamu moja ya HD, saa mbili, mpaka giga 6. Tafuta bei ya giga 6 kwenye menu ya mtandao wako, kisha rudi utuambie kama bado unataka HD. Skrini kubwa inakuvuta uangalie quality kubwa, na quality kubwa inakula falanga. Tableti ya SIM haina breki ya mtu wa kukuchungulia. Unakula peke yako, unaisha peke yako.

Courant, mwenyewe mji

Sasa tuongee kitu ambacho California haikuuliza. Courant.

Maji ya mto Shari yanazungusha mashine pale Budana, na bado si kila kartié ya Bunia inalala na taa. Sisi tunaishi na pano juu ya bati, na grupu ya jirani, na mahali pa kuchajisha penye simu zimepangwa kwenye ubao na namba zao. Kwenye mji wa namna hiyo, hotspoti ni mchezo wa kuua bateri mbili mara moja. Simu inapiga mtandao kwa mkono mmoja, inagawa wifi kwa mkono mwingine, inapata moto mpaka unaweza kupasha mandazi. Tableti nayo iko inakunywa. Saa kumi na mbili, zote mbili nyeusi.

Ndio maana mimi ninasema hivi, na sirudi nyuma: ile pesa ya tofauti ya SIM, inunue kwanza pawabenki. mAh 20,000, ya ukweli, nzito mkononi. Ukiiinua na ni nyepesi, irudishe. Pawabenki inalisha simu, inalisha tableti, inalisha hata simu ya dada wa dirishani ili asijue kitu. SIM haiwezi kulisha mtu. Tableti ya SIM bila courant ni kioo cha kujiangalia nywele.

Serikali nayo iko kwenye stori

Wee unafikiri haya ni mambo ya duka tu? Kumbuka RAM. Septemba 2020 wakaleta Registre des Appareils Mobiles. Simu iko na IMEI, ile namba ya kuitambulisha mashine, simu iko na SIM, yunite zinakatwa. Unaweka yunite asubuhi, RAM imeshakula kabla hujapiga. Nchi nzima ikachachamaa, kelele mpaka bungeni, na 2022 ikatolewa. Sasa fikiria: tableti ya wifi tu haina IMEI. RAM haikuwa na mahali pa kuishika. Ile ya SIM ilikuwa ndani ya wavu. Siku moja kodi ya namna hiyo ikirudi na jina jipya, utajua upande gani uko salama.

Kumbuka tena 31 Desemba 2018. Watu wametoka kupiga kura jana yake, intaneti ikakatwa, ikarudi karibu siku ishirini baadaye, Januari 2019. SIM ao wifi, wote tukawa sawa. Aliyekula raha ni yule aliyekuwa na vitu ndani ya mashine. Sinema ndani, miziki ndani, syllabus ndani. Somo liko wazi: mbongo ya kwanza weka kwenye nafasi ya kuhifadhi. Giga 128 ndani ni bora kuliko giga 32 yenye SIM. Weka Wikipedia nzima ya Kifaransa kwenye Kiwix, inasoma bila mega. Gawa sinema na Xender, hakuna forfe inayokufa.

Na kuko Starlink, intaneti ya satelaiti. Machi 2024 ARPTC, wale wanaosimamia mawasiliano ya nchi, ilipiga marufuku. Mei 2025 ARPTC hiyohiyo ikatoa leseni. Dishi ikifika kwenye parsele ya jirani, wifi ya ukweli imefika, na siku hiyo tableti ya wifi inapanda cheo bila kuongeza hata falanga. Kitundu cha SIM kitabaki kinakusanya vumbi la Bunia, na unajua vumbi letu halina huruma.

Nani achukue nini

Wewe mwanafunzi wa UNIBU, wa Shalom, wa ISP: wifi. Unasoma PDF, unaandika TFC, simu iko mfukoni siku yote. Unahitaji mtandao dakika kumi, si saa kumi. Chukua ya wifi, giga nyingi, pawabenki. Umemaliza.

Wewe wa kuangalia series kitandani: wifi. Shusha unapopata mtandao mzuri, angalia usiku.

Wewe wa kupiga mafomu vijijini na KoboCollect: usiogope wifi. Ile programu inahifadhi mafomu ndani bila mtandao, unayatuma ukirudi town. Angalia tu GPS iwemo.

Wewe wa biashara, mzigo uko Mahagi, mzigo uko Kampala, mteja anataka picha sasa hivi, simu zako mbili zinalia bila kupumua: SIM. Na iwe Android yenye kupiga kode. Hapo SIM ni chombo cha kazi, inajilipa yenyewe.

Wewe wa redio, wa video, wa kupandisha stori kutoka barabarani: SIM, na puce ya mtandao tofauti na ule wa simu. Vodacom ikianguka, Airtel inasimama. Hiyo ndio akili ya mtu mzima.

Wewe unataka SIM juu tu rafiki iko nayo: kaa chini, kunywa maji.

Siku ya kununua

Usiende peke yako, usiende jioni, na usiende na dola iliyopasuka. Unajua mambo ya hapa: kakona kamekatika kidogo tu, muuzaji anageuza uso. Dola safi, za kichwa kikubwa.

Ukifika, usisikilize kartoni. Kartoni inadanganya. Washa mashine. Piga *#06#, ao ingia kwenye "À propos". Ukiona IMEI, iko na modem. Usipoona IMEI, ni wifi, mwisho wa maneno. Kisha weka puce yako mwenyewe, si ya muuzaji, ufungue ukurasa mmoja palepale. Ukifunguka, lipa. Angalia tena giga za ndani kwa macho, juu kuko tableti za bei ya karanga zinaandika 512 mgongoni na ndani hamna kitu. Hizo mara nyingi ziko na SIM mbili kabisa. SIM mbili, akili sifuri.

Vieux akikuona unarudi na kartoni atahesabu mbuzi zake. Muache. Mbuzi haifungui PDF.

Bado hujaamua? Fanya hivi. Wiki nzima, kila mara unapotaka mtandao kwenye skrini kubwa, angalia simu yako iko wapi. Iko mfukoni? Andika W. Iko mbali, imezimika, ao iko kwenye kazi ingine ya lazima? Andika S. Mwisho wa wiki hesabu. Kama S zimejaa, toa mbongo ya SIM bila aibu, ni haki yako. Kama W zimejaa, na kwa wengi wetu zitajaa, usimpe muuzaji dola hata moja ya ziada. Nenda moja kwa moja kwenye pawabenki, chagua ile nzito, na jioni wewe ndio utakuwa na skrini inayowaka wakati kartié nzima imezima.